Hita ya Maji kwenye Gari la Kulala: Mwongozo Kamili kwa Wasafiri wa Tanga

Anayeuliza "Tanga na joto lake lote, hita ya maji ya nini?" huyo hajalala Lushoto mwezi wa saba. Gari la kulala, lile lenye vitanda, sinki na bafu ndani yake, likitoka Raskazone asubuhi, likapita Muheza, Segera na Korogwe, likaacha barabara kuu pale Mombo na kuanza kupanda Usambara, jioni yake mko zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari na maji ya bombani yanauma vidole. Hata huku pwani, ukiwa na mzee anayeumwa viungo au mtoto mchanga wa kuogeshwa, maji ya moto si anasa.

Shida ni kwamba vitabu vinavyokuja na hita hizi vimeandikwa kwa ajili ya watu wa nchi za baridi. Kurasa nyingi zinaeleza namna ya kuzuia maji yasigande ndani ya tangi. Tanga maji hayagandi. Kinachomaliza hita huku ni chumvi ya hewa ya bahari, chokaa ya maji ya visima, nyigu wanaojenga kwenye matundu, maji yaliyolala siku nyingi kwenye joto, na umeme au gesi isiyolingana na kifaa. Mambo hayo yote yanazuilika kwa mikono yako mwenyewe na fundi mmoja mwenye akili, na ndiyo nitakayoyakalia zaidi.

Ijue hita uliyonayo

Kabla ya kugusa swichi yoyote, tafuta kibati cha maelezo kilichobandikwa kwenye hita. Kwa magari ya Marekani kipo nyuma ya mlango wa bati ulio ubavuni, nje ya gari. Kwa yale ya Ulaya, hita hukaa kabatini au chini ya kiti, na kinachoonekana nje ni tundu la moshi tu. Kibati hicho kinasema mambo manne unayoyahitaji: aina ya gesi, mgandamizo wa gesi, volti za umeme, na ujazo wa tangi. Kipige picha kwa simu, kwa sababu siku ya kutafuta kipuri picha hiyo itakuokoa.

Za Marekani huwa na tangi la lita 23 au lita 38. Za Ulaya ni ndogo, nyingi lita 10 au 14. Jambo la pili la kujua ni tangi limetengenezwa kwa kitu gani, maana matunzo yanategemea hilo. Hita za kampuni ya Suburban hutumia tangi la chuma lililopakwa kauri kwa ndani, na ndani yake kuna fimbo ya magnesiamu inayoitwa anodi. Atwood, ambazo sasa zinauzwa kwa jina la Dometic, zina tangi la alumini na hazitaki anodi. Boila za Truma zina tangi la chuma kisichoshika kutu.

Zipo pia hita zisizo na moto wake wenyewe: maji moto ya rejeta ya injini hupitishwa kwenye bomba lililozungushwa ndani ya tangi, na ukifika kambini maji yameshachemka vya kutosha. Ni mpango mzuri sana kwa safari za Tanga hadi Usambara, lakini kumbuka maji ya injini hufika nyuzi 80 hadi 90, kwa hiyo tangi la namna hiyo lazima liwe na valvu ya kuchanganya maji baridi kabla ya kufika bafuni.

Na kuna hita moja ambayo kwa gari la kulala ninaikataa moja kwa moja: gizer ndogo ya gesi ya kutundika ukutani, ile isiyo na bomba la kutolea moshi. Mafundi wanaogeuza Coaster au Hiace kuwa nyumba huipenda kwa sababu ni rahisi kupatikana na kufunga. Inavuta hewa ileile unayovuta wewe na kumwaga moshi wake ndani ya chumba kilekile. Kwenye bafu la gari, lenye nafasi ya mtu mmoja kusimama, hiyo ni hatari ya kifo, na dirisha dogo lililoachwa wazi haliibadilishi kuwa salama. Hita ya ndani ya gari lazima ivute hewa kutoka nje na kutoa moshi nje.

Maji kwanza, moto baadaye

Kanuni hii haina mjadala. Tangi tupu likiwashiwa umeme, koili, yaani kile chuma cha umeme kinachopasha maji, inaungua ndani ya muda mfupi sana. Likiwashiwa gesi, chuma kinapata moto kupita kiasi na vidhibiti vyake vinaharibika. Fuata mpangilio huu kila unapoanza safari au baada ya kumwaga tangi:

1. Hakikisha swichi zote za hita zimezimwa, ya gesi na ya umeme.

2. Angalia valvu za kuzungusha maji nyuma ya hita. Magari yanayoagizwa kutoka nchi za baridi mara nyingi hufika valvu hizi zikiwa zimegeuzwa, maji yanapita pembeni bila kuingia kwenye tangi, na mabomba yana kimiminika cha kuzuia kuganda. Zigeuze ili maji yaingie, kisha suuza mfumo mzima mpaka rangi na harufu ya kimiminika hicho viishe.

3. Funga tundu la kumwagia maji, au rudisha anodi mahali pake.

4. Washa pampu, fungua bomba la maji ya moto kwenye sinki na uliache wazi. Mwanzoni litakohoa na kutema hewa. Subiri mpaka maji yatoke kwa mkondo mmoja usiokatika. Hapo ndipo tangi limejaa.

5. Fungua la moto bafuni nalo mpaka hewa iishe, kisha yafunge yote.

6. Zunguka ukague kila kiungo. Tone likidondoka baridi, litadondoka zaidi likipata moto.

7. Sasa washa hita.

Kwa gesi, kichomeo cha kawaida cha kilowati 3.5 kinapasha lita 23 kutoka nyuzi 28 hadi 55 kwa muda wa robo saa hadi dakika 20, na kinatumia takriban gramu 80 za gesi. Mtungi wa kilo 6 basi unaweza kupasha tangi hilo zaidi ya mara 70. Lushoto, maji yakiwa na nyuzi 15, kazi hiyohiyo inahitaji karibu nusu saa na nusu ya gesi zaidi. Nimeweka hesabu hii kwa sababu watu wengi huacha hita ikiwaka usiku kucha wakidhani kuwasha upya ni gharama. Washa nusu saa kabla ya kuoga, ogeni, zima.

Gesi: mtungi, regyuleta na mpira

Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Propani ina uzito wa kama mara moja na nusu ya hewa, na butani karibu mara mbili. Ikivuja haipandi juu ikatokea dirishani, bali inatambaa sakafuni na kujikusanya kwenye mashimo na chini ya vitanda. Kwa hiyo sanduku la mtungi lazima liwe na tundu chini kabisa, linalotokea nje, na tundu hilo lisizibwe na zulia, mchanga wala mzigo. Mtungi usimame wima na ufungwe mkanda. Ukilazwa, gesi ya maji inaingia kwenye regyuleta na moto unaruka kwa nguvu usiyoitarajia.

Aliyekuja na gari la Ulaya au Marekani atakuta mtungi wetu wa kilo 6 au 15 haukubali regyuleta yake, kwa sababu midomo ya mitungi inatofautiana. Usilazimishe kwa kipande cha kuunganisha kilichochongwa gereji. Nunua regyuleta inayoendana na mdomo wa mtungi utakaoutumia, na uhakikishe mgandamizo wake unalingana na kibati cha hita. Za Ulaya nyingi huandikwa milibari 30. Za Marekani huandikwa inchi 11 za maji, ambazo ni kama milibari 27. Regyuleta ya mgandamizo mkubwa, ile ya majiko ya kukaangia chipsi, isikaribie hita hata kwa kujaribu.

Kila unapobadilisha mtungi, fanya jaribio la povu. Changanya sabuni ya maji na maji kidogo, fungua mtungi huku hita na jiko vimezimwa, kisha paka povu kwenye kila kiungo kuanzia mdomo wa mtungi hadi kwenye hita. Povu likipanda viputo, kuna uvujaji: funga mtungi na ukaze au ubadilishe. Usitumie kiberiti kutafuta uvujaji, hata kama fundi mzee kuliko baba yako ndiye anayekuambia kwamba amefanya hivyo miaka yote. Mwamkie, kisha umwambie hapana.

Mpira wa gesi umeandikwa tarehe ya kutengenezwa. Ukunje kwa vidole: ukiona mipasuko midogo kwenye mkunjo, utupe, haijalishi una umri gani. Huku pwani jua na chumvi huuchosha mapema kuliko tarehe inavyosema.

Funga mtungi kabla ya kuendesha gari, na kabla ya kuingia sheli, kwa sababu hita nyingi huwaka zenyewe maji yakipoa na cheche yake hutoka nje ubavuni, upande uleule anapoweza kuwa amesimama mtu wa pampu.

Ukisikia harufu ya gesi ndani ya gari, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, hata ya taa. Zima moto ulio wazi, toa watu wote nje, funga mtungi, fungua milango na madirisha, na kaeni mbali mpaka harufu iishe kabisa. Moto ukishashika, piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na usirudi kuokoa mizigo.

Umeme: hapa ndipo hita nyingi hufia

Magari yetu mengi ya mitumba yanatoka Japani, na vifaa vya umeme wa nyumbani vilivyomo ndani yake ni vya volti 100. Vya Marekani ni vya volti 120. Umeme wa TANESCO ni volti 230. Koili ya volti 120 ukiipa 230 haifanyi kazi maradufu, inafanya karibu mara nne, kwa sababu nguvu huongezeka kwa mraba wa volti. Koili ya wati 1,440 itajaribu kuvuta zaidi ya wati 5,000. Ile ya volti 100 itavuta mara tano ya kawaida yake. Fyuzi ikiwa nzuri itakatika. Ikiwa imerukwa kwa waya, kinachoungua ni nyaya zilizo ndani ya ukuta wa mbao wa gari.

Njia ziko tatu: kubadilisha koili na themostati kwa za volti 230 zinazolingana na tangi, kutumia transfoma yenye uwezo wa kutosha, au kuacha kabisa upande wa umeme na kutumia gesi. Mimi ningechagua ya tatu kwa mtu anayesafiri, maana transfoma ya kubeba wati 1,440 ni nzito na koili inayoingia sawasawa huwa ngumu kupatikana. Ukiamua hivyo, mwambie fundi akate waya wa koili na kuufunga vizuri, asiache swichi inayoweza kubonyezwa na mgeni asiyejua.

Mwenye hita ya volti 230 yeye ana kazi nyepesi. Aangalie kwamba gari limeunganishwa na waya wa ethi wa kweli pale kambini, na kwamba kuna breka ya kukata umeme unaovuja. Maji, bati na miguu mitupu ni mchanganyiko usiovumilia umeme kuvuja hata kidogo. Waya wa kurefusha uutandaze wote. Ukiuacha umejikunja kwenye gurudumu lake hupata joto hadi plastiki inayeyuka. Na usijaribu kuendesha koili kwa betri kupitia inveta: wati 850 kwenye volti 12 ni zaidi ya ampea 70, betri itaisha kabla hujapaka sabuni.

Moshi usioonekana

Gesi ikiungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na huanza kwa kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, mambo ambayo mtu wa safari anaweza kuyadhania uchovu au malaria. Dalili moja ya kuifuatilia ni watu wote waliomo garini kujisikia vibaya kwa pamoja, na kupata nafuu wakitoka nje.

Kwa hiyo tundu la moshi lisizibwe na turubai, hema la ubavuni wala nguo za kuanikwa, na dirisha lililo juu yake lifungwe hita inapowaka. Kusi ikivuma kwa nguvu, geuza gari ili upande wa tundu usipigwe na upepo moja kwa moja: upepo huzima moto au huurudisha moshi ndani. Kengele ya kaboni monoksaidi inayotumia betri ni kitu kidogo cha kununua. Iweke karibu na wanapolala watu. Kengele ya gesi ya mtungi ni nyingine, na hiyo huwekwa chini karibu na sakafu.

Kwenye baridi ya Usambara wapo wanaoingiza jiko la mkaa garini ili kupata joto. Jiko hilo linatoa sumu hiihii, kwa wingi, na linaendelea kuitoa hata makaa yakishafifia na kuonekana yamekufa. Vaeni masweta, jifunikeni mablanketi, jiko libaki nje.

Nyigu na chumvi

Fungua mlango wa hita na uangalie bomba la kichomeo. Nyigu wajenzi, wale wanaobeba udongo, wanapenda sana vijibomba vyembamba vilivyokingwa na mvua, na buibui nao huingia humo. Kiota cha udongo cha ukubwa wa kucha kinatosha kuharibu mchanganyiko wa hewa na gesi. Moto unakuwa wa njano, unatoa masizi, au unarudi nyuma na kuwaka mahali pasipostahili.

Moto mzuri ni wa buluu, umetulia, unaunguruma kwa sauti moja. Ukiona njano, zima. Subiri kipoe, funga mtungi, toa kichomeo, sugua bomba kwa brashi nyembamba ya waya na upulize kwa hewa. Jeti, lile tundu dogo la gesi, usilichokonoe kwa sindano wala waya. Tundu lake limepimwa, na ukilipanua hita itakunywa gesi zaidi ya inavyoweza kuichoma. Lisafishe kwa spiriti au ulibadilishe. Ukimaliza, funika matundu ya mlango kwa wavu wa chuma uliotengenezwa kwa hita hiyo. Wavu wa mbu wa plastiki utayeyuka, na wavu wenye macho madogo mno utanyima moto hewa.

Chumvi nayo hufanya kazi yake polepole. Gari lililoegeshwa Raskazone au ufukwe wa Ushongo kwa wiki kadhaa litakuwa na ukungu mweupe kwenye vibano vya nyaya. Hita inatoa cheche mara kadhaa kisha inajifunga, na mwenye gari anaanza kulaumu gesi. Kabla ya kununua kifaa chochote, zima umeme wa volti 12, chomoa vibano kimoja kimoja, visugue kwa msasa laini, virudishe. Angalia pia kijiti cha cheche: nafasi kati yake na kichomeo huwa kama milimita 3, na kutu au masizi yakijaza nafasi hiyo cheche haitoki. Pima betri pia. Betri iliyochoka hutoa cheche dhaifu hata kama taa za ndani zinawaka vizuri.

Chokaa, anodi na maji ya kisima

Tanga imekaa juu ya mawe ya chokaa; aliyeingia mapango ya Amboni ameona chokaa hiyo kwa macho. Maji ya bomba ya mjini yanatoka mto Zigi, unaoteremka kutoka Usambara Mashariki na kukingwa kwenye bwawa la Mabayani, na kwa hita ni bora kuliko maji ya visima vingi vya ufukweni, ambavyo maji yake ni magumu na mengine yana chumvi. Kipimo cha haraka: osha mikono kwa sabuni. Povu likikataa kutoka, maji hayo ni magumu. Jaza tangi la gari mjini kabla ya kushuka Pangani, na maji ya kisima ya kambini yatumie kuoshea matairi.

Maji magumu yakipashwa huacha utando mweupe chini ya tangi na kuzunguka koili. Utando huo huzuia joto lisifike kwenye maji, hita inachukua muda mrefu zaidi, na koili iliyofunikwa huungua. Dalili utaisikia: tangi linapasuka-pasuka ndani likiwaka, mfano wa mahindi ya bisi.

Namna ya kusafisha, kwa tangi lenye anodi:

Zima gesi na umeme, na uache maji yapoe kabisa, ikibidi usiku mzima. Zima pampu. Fungua bomba la moto la sinki ili kutoa mgandamizo. Hatua hii usiiruke, kwa sababu ukifungua anodi tangi likiwa na mgandamizo, itatoka kwa kasi pamoja na maji. Simama pembeni, usisimame mbele ya tundu. Kwa Suburban spana ya milimita 27 inaingia. Maji yakiisha, ingiza bomba jembamba la bustani kwenye tundu na usuuze mpaka vipande vyeupe viache kutoka.

Sasa itazame anodi. Kazi yake ni kuliwa na maji badala ya tangi kuliwa. Ikiwa imebaki robo tu ya unene wake, au waya wa katikati unaonekana kwa sehemu kubwa, weka mpya. Vitabu husema ikaguliwe mara moja kwa mwaka. Kwa maji ya pwani yetu mimi nasema ianze kukaguliwa kila baada ya miezi mitatu, kisha utajua mwenyewe inaisha kwa kasi gani. Zungusha tepu nyeupe ya mafundi bomba kwenye nyuzi zake, ianze kwa mkono, ndipo ukaze. Usiweke boliti ya kawaida mahali pa anodi kwa sababu tu duka halina: miezi michache ya hivyo inatosha kutoboa tangi.

Kwa tangi la alumini au chuma kisichoshika kutu lenye chokaa nyingi, siki nyeupe ndiyo dawa. Jaza mchanganyiko wa siki sehemu mbili na maji sehemu moja, pasha mara moja, zima, acha saa kadhaa, mwaga, suuza mara mbili au tatu. Tangi lenye anodi usilitie siki anodi ikiwa ndani, maana siki hula magnesiamu na kutoa gesi ya hidrojeni.

Onyo kubwa hapa: siki na Jiki visikutane kamwe. Vikichanganyika hutoa gesi ya klorini, na ndani ya gari lililofungwa gesi hiyo huunguza mapafu. Ukitumia kimoja leo, suuza mfumo wote kabisa kabla ya kingine kuingia siku nyingine.

Valvu ya usalama

Juu ya tangi la hita ya Kimarekani kuna valvu ya shaba yenye mkono mdogo. Inafunguka mgandamizo ukifika 150 psi au maji yakifika karibu nyuzi 99. Za Ulaya hufunguka kwa mgandamizo mdogo zaidi, na mara nyingi ndizo pia za kumwagia maji. Maji yakigeuka mvuke huhitaji nafasi kama mara 1,600 ya ile ya mwanzo. Valvu hii ndiyo njia pekee ya mvuke huo kutoka bila kupasua tangi.

Ikidondosha matone hita inapowaka, watu huiziba. Hapo ndipo ninapopandisha sauti. Matone mara nyingi ni kwa sababu ile nafasi ndogo ya hewa iliyo juu ya tangi imekwisha, na maji yanayopanuka hayana pa kwenda. Tiba yake haihitaji kipuri: zima hita, acha maji yapoe, zima pampu, fungua bomba la moto la sinki, vuta mkono wa valvu na uache maji yatoke mpaka yakome yenyewe. Achia mkono ujifunge kwa kasi, funga bomba, washa pampu. Hewa imerudi. Ikiendelea kudondosha baada ya hapo, badilisha valvu nzima kwa nyingine ya kipimo kilekile. Vuta mkono huo mara kwa mara, maji yakiwa baridi, kwani chumvi na chokaa huigandisha ikashindwa kufunguka siku inapohitajika.

Maji yaliyolala, na maji yanayounguza

Bakteria aina ya Legionella huzaliana kwenye maji ya nyuzi 20 hadi 45. Gari lililoegeshwa Chumbageni juani, hata hita ikiwa imezimwa, maji yake yako katikati ya nyuzi hizo mchana na usiku. Ugonjwa wake ulitambuliwa baada ya watu waliohudhuria mkutano hotelini Philadelphia mwaka 1976 kuugua homa kali ya mapafu. Huingia kwa kuvuta matone madogo ya maji hewani, hasa ya bomba la mvua la bafuni, na huwashika zaidi wazee na wenye vifua dhaifu.

Kwa hiyo usiache maji tangini kwa wiki nzima bila kuyatumia. Yakilala, yamwage. Hita ikiwa na daraja la nyuzi 60 au 70, ipandishe huko kabla ya matumizi ya kwanza na uyaruhusu maji hayo yapite kwenye kila bomba, madirisha yakiwa wazi na wewe ukiwa nje ya bafu.

Kusafisha mfumo mzima kwa Jiki yenye asilimia 3.5 ya dawa, tumia mililita 150 kwa kila lita 100 za maji, pitisha kwenye mabomba yote mpaka unuse harufu yake, acha saa nne, mwaga, suuza. Watengenezaji wa matangi ya chuma kisichoshika kutu hawapendi klorini, hivyo kwa hita hizo geuza valvu za kuzungusha ili dawa isiingie tangini. Jiki hiyo pia huondoa harufu ya yai viza inayotoka kwenye maji ya moto pekee. Harufu hiyo huletwa na bakteria wanaopata nguvu kutokana na anodi ya magnesiamu.

Maji ya nyuzi 60 yanamuunguza mtu mzima kwa sekunde chache, na mtoto kwa haraka zaidi. Anza daima na maji baridi, ongeza moto kidogo kidogo, pima kwa kiwiko. Bibi na watoto waogeshwe kwenye beseni, wasiwekwe chini ya bomba la gari, kwa sababu pampu ya volti 12 ikikatika kidogo mchanganyiko unabadilika ghafla.

Kulaza gari wakati wa masika

Masika yakianza na safari zikisimama, mwaga tangi lote, acha tundu la chini wazi na wavu juu yake, funga mtungi na uutoe kwenye gari. Paka grisi kidogo kwenye vibano vya umeme. Funika tundu la moshi kwa kifuniko chake, na ubandike karatasi nyekundu kwenye swichi ya hita ndani ya gari ili asije mtu akawasha tundu likiwa limefunikwa na tangi likiwa tupu.

Ikiwa gari lilikaa wiki mbili au zaidi na maji yakiwa tangini pamoja na anodi, hidrojeni inaweza kuwa imejikusanya humo. Siku ya kulifungua, asivute mtu sigara wala kuwasha jiko. Fungua bomba la maji ya moto la sinki, liache dakika kadhaa. Ukisikia mlio wa hewa ikitoka kama mvuke, ndiyo hiyo gesi inatoka. Acha milango wazi mpaka mlio uishe na maji yatiririke sawasawa, kisha mwaga tangi, kagua bomba la kichomeo kama nyigu wamehamia, jaza maji upya, na uwashe.